Thredi za injini ya pikipiki zimekula: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa na madereva bodaboda wa Uyole na Mwanjelwa hapa Mbeya, wakulima wanaoshusha viazi na ndizi kwa pikipiki kutoka milimani, na mafundi wenzetu wanaopiga simu kutoka Tukuyu, Chimala, Makambako na Iringa. Majibu yanahusu injini za kawaida za huku, cc 100 hadi 150: Boxer, TVS, na zile za Kichina za mfumo wa CG. Kabla ya yote tunaomba ushike jambo moja. Tundu lililokula thredi, yaani meno ya ndani yanayoshika bolti yameng'oka, hutibika vizuri mara moja tu. Kila tiba ya haraka inakula chuma ambacho tiba nzuri ingekihitaji. Krankesi nyingi (ganda la injini) tunazolazimika kuzikataa zingepona kama zingeletwa siku ya kwanza.

Fundi, bolti inazunguka tu, haikazi. Nitajuaje kilichokufa ni bolti au ni krankesi?

Itoe, uitazame kwenye mwanga wa kutosha. Ukikuta kiwaya cheupe kimejizungusha kwenye meno ya bolti, usikifute ukadhani ni uchafu. Hizo ndizo thredi za krankesi, zimeng'oka na kutoka na bolti. Chukua bolti mpya ya kipimo kilekile uiingize kwa vidole. Ikiteremka hadi mwisho huku inacheza kushoto na kulia, tatizo liko ndani ya tundu. Ikishika vizuri, bolti ya zamani ndiyo iliyochakaa, na unamaliza kwa bei ya bolti moja.

Ipo dalili inayotangulia. Unapokaza, ugumu unatakiwa uongezeke kadiri unavyozungusha spana. Ukihisi spana imekuwa laini ghafla mkononi, acha hapohapo, usiongeze hata robo mzunguko. Thredi zimeanza kulala lakini hazijang'oka, na tundu la namna hiyo huwa linaokoka kwa gharama ndogo.

Kwa nini zinakufa kirahisi hivi?

Bolti ni chuma kigumu na krankesi ni aluminiamu ya kumiminwa. Zikivutana, aluminiamu ndiyo inayokubali kwanza. Bolti inashika kwa sababu ukiikaza inavutika kidogo sana na kutaka kurudi, na mvuto huo ndio unaobana kava. Mvuto wenyewe haugawanyiki sawa kwenye thredi zote: zile za mwanzo, karibu na uso wa krankesi, hubeba sehemu kubwa. Zikilala hizo, mzigo unahamia kwa zinazofuata, nazo zinafunguka moja baada ya nyingine kama zipu.

Bolti nyingi za makava ni M6, yaani unene wa milimita 6 na hatua ya thredi (umbali wa jino hadi jino) milimita 1. Hiyo inahitaji Nm 10 hivi (Nm, nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kiganja. Fundi aliyetoka kulegeza nati ya gurudumu la nyuma akishika spana ya T namba 8 kwa mikono miwili na nguvu ileile, tayari amepitiliza. Na ukiipaka oili bolti ambayo vipimo vyake ni vya bolti kavu, mkono wako unahisi ni uleule lakini mvuto ndani umekuwa mkubwa zaidi, kwa sababu msuguano umepungua.

Halafu kuna joto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bolti iliyokazwa kupita kiasi asubuhi ya Julai, injini ikiwa ya baridi kabisa, inavutwa zaidi pikipiki inapopanda mlima wa Kitonga na mzigo. Ndiyo maana wengine hufunga vizuri gereji, jioni wanakuta kava linavuja na hakuna aliyeligusa.

Sababu ambayo hatuchoki kuisema ni kuchanganya bolti. Kava la klachi lina bolti fupi na ndefu. Fupi ikiingia mahali pa ndefu inashika thredi mbili tatu za mwanzo, nazo zinang'oka. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inagota chini kabla kava halijabanwa, na ukiendelea kukaza unapasua krankesi. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu, na kila bolti unayoitoa ichomeke mahali pake. Kijana anayejifunza ufundi aanze na hilo kabla hajapewa spana yoyote.

Naweza kupiga kazi leo, nitengeneze Jumapili?

Inategemea ni bolti ipi. Moja kati ya bolti za kava la magneti, jirani zake zikiwa nzima, unaweza kumaliza siku chache ukiangalia kiwango cha oili kila asubuhi. Bolti ya kumwagia oili, hapana. Ikidondoka njiani oili yote inaondoka kwa muda mfupi, injini inajam, na oili hiyohiyo inamwagika mbele ya tairi lako la nyuma. Stadi za silinda, zile fito zenye thredi zinazoishikilia silinda na hedi, na plagi, hapana vilevile.

Kuna fundi kasema atapanua tundu aweke bolti ya M8 badala ya M6. Si ni sawa tu?

Kwenye vishikizo vya kukanyagia au mahali penye nyama nene ya chuma, sawa. Kwenye matundu ya makava tunakataa, na sababu ni hizi.

Tundu la M6 limezungukwa na ukuta mwembamba wa aluminiamu. Ukikata thredi ya M8 umeondoa chuma hadi upana wa milimita 8. Tiba ya Helicoil, tutakayoieleza chini, inaishia kwenye milimita 7.3 na inakurudishia bolti yako ya M6. Pili, kava nalo itabidi litobolewe upya ili M8 ipite, na kava likipoteza vipimo vyake halikai tena mahali pake sawasawa. Tatu, fundi atakayefuata akiona kichwa cha M8 ataikaza kwa nguvu ya M8, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya M6, kwenye ukuta ambao umeshapunguzwa. Ikila tena, hakuna pa kwenda.

Kibaya kuliko hiki ni zile bolti za kujikatia thredi zinazosukumwa kwa nguvu kwenye tundu la oili. Zinaingia kwa kupanua ukuta, mara nyingi upande, na chenga zote, vile vipande vidogo vinavyokatika, zinabaki ndani ya injini.

Utepe mweupe wa mabomba, kipande cha kopo la soda, uzi wa katani, silikoni?

Hakuna hata kimoja kinachorudisha thredi. Utepe na silikoni vinaziba uvujaji kwa muda. Kipande cha kopo kinajaza nafasi. Vyote vinakupa bolti inayoonekana imekaa bila kubana chochote. Silikoni ina ubaya wa ziada: ikizidi inakatika vipande ndani na kwenda kuziba chujio la oili.

Na gundi ya chuma?

Gundi kama J-B Weld inavumilia joto hadi karibu nyuzi 288 za Selsiasi, kwa hiyo joto la krankesi si tatizo lake. Tatizo ni nguvu na oili. Kwa bolti ya kava isiyobeba mzigo mkubwa, ambayo haifunguliwi mara kwa mara, inaweza kukufikisha msimu mwingine. Tundu lazima lioshwe kwa thina mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu gundi haishiki kwenye oili. Bolti paka grisi nyembamba ili isigande ndani, iingize, iache. Kawaida hukomaa kwa saa 15 hadi 24 kwenye joto la chumba. Usiku wa Juni huku kwetu, au Mafinga, au Njombe, gereji la mabati si joto la chumba. Isubiri zaidi, au laza pikipiki ndani ya nyumba.

Usitumie gundi kwenye bolti ya kumwagia oili, stadi za silinda, wala plagi.

Hakuna njia ya bure?

Ipo, na ianze hiyo kabla ya kushika drili. Matundu mengi ya krankesi ni marefu kuliko bolti iliyokuwemo. Chini kabisa kuna thredi ambazo hazijawahi kuguswa. Ingiza waya mnyoofu mpaka uguse chini, weka alama, pima. Pima pia unene wa kava pamoja na gasketi. Ukikuta thredi nzima za kutosha chini, angalau urefu sawa na unene wa bolti, nunua bolti ndefu zaidi ikafikie hapo. Hakikisha haigoti: baada ya kufunga, kava lazima libanwe kabla bolti haijafika mwisho. Na tundu lisiwe na oili au maji chini yake. Bolti ikisukuma oili isiyo na pa kutokea, inaweza kupasua aluminiamu.

Tundu likiwa limetoboka upande wa pili na nafasi ipo, bolti ndefu yenye nati nyuma yake inatosha.

Helicoil ni nini hasa, na inafungwaje?

Ni kispringi cha chuma kisichoshika kutu, kimesokotwa ili nje yake kiwe thredi na ndani yake kiwe thredi. Nje kinashika aluminiamu kwa upana mkubwa kuliko bolti ya zamani, ndani kinapokea bolti yako ya kipimo kilekile. Ikifungwa vizuri, tundu linakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, na halichakai kirahisi kwa kufunguliwa mara kwa mara kwa sababu sasa ni chuma kwa chuma.

Tuchukue M6, ndiyo ya kila siku. Toboa kwa biti ya drili ya milimita 6.3. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, usije ukatoboa mpaka upande wa pili. Kunyoosha ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo tumia kava lenyewe kama kiongozi: lifunge kwa bolti zake nyingine, kisha pitisha biti kwenye tundu la kava. Mara nyingi tundu hilo ni pana kidogo tu kuliko biti, na litaishika wima. Pima kwanza kwa mkono, biti ipite bila kukwaruza. Zungusha drili polepole.

Toa kava. Sasa ingia na tapi, kile chuma cha kukatia thredi, na iwe ya Helicoil yenyewe. Tapi ya kawaida ya M6 au M8 haikubali. Dondoshea mafuta ya taa, ndiyo yanayoipenda aluminiamu. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zikatike. Ukihisi imekaza, usilazimishe; toa, safisha, rudi. Tapi ikikatikia ndani ya tundu umejipa kazi kubwa kuliko uliyoanza nayo, maana ni ngumu kuliko biti nyingi za kawaida.

Osha, puliza upepo, kausha. Ingiza kispringi kwa kile kifaa chake, ukizungusha bila kusukuma, mpaka kishuke chini ya uso wa krankesi kwa robo hadi nusu mzunguko. Kikibaki juu ya uso, kava halitalala. Chini kina kijiulimi. Kipige kwa kifimbo cha chuma kwa pigo moja fupi kikatike, kisha hakikisha umekitoa kwa sumaku au kibano. Kama kifaa chako hakiachi kijiulimi, vizuri zaidi.

Urefu wa kispringi usiwe mfupi. Kwenye aluminiamu tunataka mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa bolti, yaani milimita 9 hadi 12 kwa M6, kama kina cha tundu kinaruhusu.

Seti hizi si kila duka la spea linazo. Wengi huku huagiza Dar es Salaam, Kariakoo, na mzigo unapanda basi la usiku. Mafundi watatu au wanne wakichangia seti ya M6 na ya M8, wamejitosheleza kwa kazi nyingi.

Nitumie biti ya ngapi?

Kama unakata thredi ya kawaida upya: M6 hatua 1 ni biti ya 5.0, M8 hatua 1.25 ni 6.8, M10 hatua 1.25 ni 8.8; M12 hatua 1.5 ni 10.5, M14 hatua 1.5 ni 12.5. Kwa Helicoil fuata kipimo kilichoandikwa kwenye seti yako. Kwa kawaida ni 6.3 kwa M6 na 8.3 au 8.4 kwa M8. Hatua ya thredi ipime kwa kipimo chake, au linganisha na bolti unayoijua kwa kuyalaza meno pamoja kwenye mwanga. Yakiacha upenyo, si hatua moja.

Sina Helicoil. Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kunichongea bushi?

Anaweza, na huku ndiyo tiba iliyookoa injini nyingi. Bushi ni bomba fupi lenye thredi nje na ndani. Kosa linalotuletea kazi za marudio ni ukuta mwembamba. Ukichukua bolti ya M8 ukaitoboa na kukata M6 ndani yake, kati ya bonde la thredi ya nje na bonde la thredi ya ndani inabaki kama robo ya milimita. Hiyo inapasuka siku ya kwanza. Kwa M6 ya ndani, nje iwe M10 ya hatua ndogo, na hapo lazima uwe na nyama ya kutosha kuzunguka tundu. Kwa bolti ya oili ya M12, nje M16 hatua 1.5 inakaa vizuri kama ukuta unaruhusu.

Mwambie fundi aache ukingo mdogo juu ya bushi panapowezekana, ili isizame wala kuzunguka kwenda ndani. Chuma laini kinafaa, shaba ya manjano nayo inafaa na inachongeka kwa urahisi. Kabla ya kuingiza, safisha krankesi kwa thina, ikikauka ipashe kidogo, paka gundi ya thredi ya rangi nyekundu, ile ya kudumu. Hii si hiari: aluminiamu ikipata joto inatanuka kuikimbia bushi ya chuma, na bila gundi bushi itatoka na bolti siku utakapomwaga oili.

Zipo pia bushi za viwandani kama Time-Sert, nzuri sana, ila bei yake kwa pikipiki ya kazi ni nzito.

Lazima injini ishushwe na kupasuliwa?

Kwa matundu ya makava, hapana. Ziba injini kwa vitambaa safi, laza pikipiki upande ili tundu litazame chini kidogo, jaza grisi kwenye mifereji ya tapi na kwenye ncha ya biti. Grisi hukamata chenga. Toa, futa, paka tena. Usiache chenga hata moja ukidhani oili itaisukuma: itaisukuma kweli, kuelekea pampu.

Bolti ya kumwagia oili ndiyo inanisumbua kila mara. Kwa nini hii?

Kwa sababu ndiyo inayofunguliwa mara nyingi kuliko zote, na kwa sababu ya washa, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti. Washa ya aluminiamu au shaba hutakiwa kulala kidogo ili izibe. Ikishalala mara kadhaa inakuwa ngumu, haizibi tena, oili inadondoka tone moja moja. Dereva anaona tone, anafikiri bolti imelegea, anakaza. Kesho tena. Hakuna siku aliyokosea nguvu kwa mara moja. Thredi zimekufa kidogo kidogo, chanzo kikiwa washa ya bei ya chini kabisa dukani. Washa ya shaba nyekundu unaweza kuifufua: ipashe mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isugue masizi. Inakuwa laini tena.

Bolti nyingi za aina hii ni M12 hatua 1.5, kichwa namba 17, na zinataka Nm 25 hadi 30. Tope la barabara za Rungwe wakati wa mvua hujaa kwenye kichwa chake. Lioshe kabla ya kufungua, maana mchanga ukiingia kwenye thredi unazisaga.

Katika kuitengeneza, mwaga oili yote, fanya kazi kutoka chini kwa grisi nyingi, kisha mimina kiasi kidogo cha oili nyepesi ya bei rahisi ipite moja kwa moja na kutoka nayo chenga. Rudia mpaka itoke safi. Kama injini yako ina chujio la waya, litoe ulioshe. Fanya safari fupi na oili mpya, kisha imwage tena mapema. Oili hiyo ya ziada si hasara.

Tundu la plagi limekula. Naweza kulitengeneza bila kutoa hedi?

Tunakushauri utoe hedi. Chenga ikianguka kwenye silinda inakwaruza ukuta, na ikikaa kwenye valvu, valvu haifungi. Injini za CG, zenye vijiti vya kusukuma valvu, hedi inatoka kwa urahisi. Zenye cheni ya taimingi, weka alama za taimingi kabla ya kugusa chochote. Angalia unene wa plagi: nyingi za huku ni M10 hatua 1 au M12 hatua 1.25, na urefu wa thredi hutofautiana. Plagi fupi mahali pa ndefu huacha thredi za chini zikijaa kaboni. Ndefu mahali pa fupi inaweza kugonga pistoni. Plagi daima ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, ndipo spana. Na usitoe plagi wakati injini inaunguza.

Stadi ya silinda imetoka na thredi zake.

Hii ni kazi ya kutokubali ubahili. Stadi hizo ndizo zinazoishikilia silinda na hedi dhidi ya mlipuko wa kila mzunguko. Helicoil ndefu, mara mbili ya unene wa stadi, au bushi nene iliyochongwa vizuri. Toboa wima kabisa kwa drili ya mezani. Stadi ikilala, silinda haiingii. Wakati wa kufunga nati, nenda msalaba, kwa awamu mbili au tatu.

Bolti imekatikia ndani. Mnaitoaje?

Ikiwa imebaki juu kidogo, ishike kwa koleo la kubana. Ikiwa imekatika usawa wa krankesi, weka nati juu yake na uchomelee ndani ya nati. Chuma kitashika chuma, aluminiamu haishiki, na joto lenyewe linalegeza kutu. Iache ipoe kidogo, zungusha taratibu ukirudi mbele na nyuma. Kabla ya kuchomelea chomoa waya hasi wa betri na CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi), usije ukaviunguza. Ikishindikana, piga alama katikati kabisa, toboa kwa biti ndogo, panua polepole. Ukikosa katikati, unakula ukuta wa tundu, na Helicoil ndiyo itakayokuokoa.

Kwa nini msijaze tundu kwa kulehemu?

Kulehemu kwa aluminiamu tunakuacha kuwe kwa mwisho, pale kishikio chenyewe kimevunjika na hakuna tena ukuta wa kutobolewa. Krankesi iliyokunywa oili kwa miaka hutoa povu na matundu ndani ya weldi. Joto hupinda uso wa gasketi na kulegeza makao ya beringi, kwa hiyo injini lazima ipasuliwe kabisa, beringi na sili zitoke. Baadaye uso usawazishwe na tundu lipimwe upya. Kwa thredi peke yake, haina maana.

Sina spana ya kupimia nguvu. Nitajuaje Nm 10?

Tumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama au mazao. Weka spana kwenye bolti, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, ning'iniza ndoano hapo, vuta ukiunda pembe mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 5, umefika karibu Nm 10. Kwa M8 ya kawaida, Nm 20 hadi 25, ni kilo 10 hadi 12.5 kwa umbali uleule. Bolti ya oili, kilo 12.5 hadi 15. Fanya hivyo mara kadhaa, kisha funga bila mizani halafu uipime. Mkono unajifunza haraka, na utashangaa jinsi kilo 5 zilivyo kidogo.

Ukikosa hata mizani, shika spana fupi karibu na kichwa chake. Spana ndefu haijui huruma kwa M6.

Ni lini mnasema krankesi hii haifai tena?

Ufa ukifika kwenye makao ya beringi ya krenki. Ukuta ukitoboka hadi kwenye njia ya oili. Tundu likiwa limeshapanuliwa mara mbili na hakuna nyama iliyobaki. Ukinunua krankesi nyingine, nunua pande zote mbili pamoja, kwa sababu huchongwa zikiwa jozi. Kulia ya injini moja na kushoto ya nyingine mara nyingi hazilingani na krenki itazunguka kwa shida. Kumbuka pia namba ya injini imegongwa kwenye krankesi, na ndiyo iliyo kwenye kadi yako. Ukibadilisha, nenda TRA urekebishe kadi kabla ya kuanza safari, na udai risiti kwa aliyekuuzia.

Nikileta pikipiki, nije na nini?

Njoo na bolti iliyokula, hata kama imeharibika, na kiwaya kilichotoka nayo kama unacho. Kinatuonyesha ni thredi ngapi zimeng'oka na zilikuwa za kina gani. Usijaribu chochote njiani. Tuambie ukweli kama tundu limeshawahi kutobolewa au kuwekewa gundi, kwa sababu tutachagua kati ya Helicoil na bushi kwa kufuata hilo. Bolti moja ya kava hutengenezwa ukisubiri. Kazi ya bushi inategemea foleni ya fundi wa kukereza, kwa hiyo njoo asubuhi, injini ikiwa imepoa.